Saa Iliyomo Ndani ya King'amuzi

Fundi wa TV pale Kondele, Kisumu, akiletewa king'amuzi kinachorusharusha picha, huanza na antena, na mara nyingi huwa hajakosea. Lakini ipo hitilafu isiyoondoka hata antena ikiinuliwa juu ya paa la jirani: saa ya ndani ya chombo haiendi tena pamoja na ya kituo.

Tangu Kenya izime matangazo ya analojia mwaka 2015, picha hutujia kama mkondo wa namba, na wa kuzipanga ni saa inayopiga mara milioni 27 kwa sekunde. Kiwango cha MPEG-2 kinairuhusu ikosee hezi 810, yaani sehemu 30 kwa kila milioni. Ni kosa dogo, ila hulimbikizana. Fremu moja hapa kwetu hudumu milisekunde 40. Kwa tofauti hiyo, king'amuzi huachana na kituo kwa fremu nzima baada ya dakika 22 hivi, na hapo fremu itatupwa au itarudiwa.

Ndiyo maana kituo hutuma alama za saa ndani ya mkondo, zisizopishana zaidi ya milisekunde 100. Saketi ya king'amuzi huzilinganisha na hesabu yake, kisha hupandisha au kushusha volti inayoivuta fuwele inayoendesha saa. Tatizo ni kwamba fuwele iliyolegezwa ili ivutike ni rahisi pia kupotea. Mvua kubwa ya kutoka ziwani ikikata mawimbi, alama hazifiki, na volti iliyobaki kwenye kapasita huanza kuvuja. Chini ya mabati ya Kisumu saa nane mchana, joto huzidisha uvujaji. Unyevu ukishika vumbi lililotanda kwenye bodi, hali huwa mbaya zaidi.

Ningeanzia hapo kuliko kununua fuwele ghali: thamani ya mwisho ya volti iliyokuwa sahihi ihifadhiwe kama namba, kwa kuwa namba haivuji. Kisha upana wa kuvutwa upunguzwe, ili hata saketi ikipotea isipotee mbali.

Kichujio cha saketi, kinachosawazisha alama hizo, nacho kinataka subira. Alama nyingine huwahi, nyingine huchelewa njiani, na saketi inayozikimbiza zote hutikisika bure. Nahodha wa mashua pale Dunga, kando ya ziwa, hageuzi usukani kwa kila wimbi. Subira ikizidi, nayo, saa huchukua muda mrefu kushikamana kila mtazamaji anapobadilisha chaneli. Saketi nzuri huwa nyepesi sekunde za mwanzo, kisha hutulia.

Ving'amuzi vingi vya bei nafuu havihangaiki na haya: huiacha fuwele ijiendee, vikatupa au kurudia fremu inapobidi. Kwa anayetazama mpira sebuleni, sioni ubaya. Kwa studio inayopokea picha hiyo ili irushe upya, haikubaliki.