Siku Tatu Savannah: Kadi Ilikataliwa, Mapumziko Hayakukataliwa

Tulifika Savannah saa tatu usiku, miguu imevimba baada ya zaidi ya saa nne kwenye basi kutoka Atlanta. Tulikuwa Marekani kwa harusi ya wifi, na zilipobaki siku tatu kabla ya kurudi Nairobi, tukaamua hizo ni zetu wawili. Hakuna shughuli, hakuna kamati, hakuna kupiga picha na shangazi. Chumba tulikuwa tumeshakilipia mtandaoni, kwa kadi ya kidijitali inayochota pesa kwenye akaunti ya simu.

"Naomba kadi," mhudumu wa mapokezi akasema.

Tukamwonyesha simu. Akatabasamu kwa upole: hapana, kadi yenyewe, ya kushika mkononi.

Tukaangaliana. Kadi ya benki ilikuwa kwenye droo nyumbani Kasarani, kwa sababu mmoja wetu (hatutamtaja, lakini ndiye anayeandika) alisema haina haja, kila kitu kiko kwenye simu.

Kumbe kulipia chumba ni jambo moja na amana ni jingine. Hoteli nyingi za huko huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako ukifika, endapo utavunja kitu au kuondoka bila kulipia chakula. Yetu ilitaka dola 150, na pesa taslimu haikutaka kabisa. Ikabidi tumpigie wifi, bibi harusi wa siku nne tu, ajaze fomu ya kuruhusu kadi yake itumike. Alijaza bila kulalamika. Aibu ilibaki kwetu.

Asubuhi, mji ukatusamehe

Savannah iko jimbo la Georgia, kando ya mto unaoingia Atlantiki. James Oglethorpe aliuanzisha mwaka 1733, na mpango wake bado unaonekana: mitaa iliyonyooka, na kila baada ya hatua chache unakuta uwanja mdogo wenye miti, viti na mara nyingi sanamu. Viwanja hivyo vilifika 24. Leo vimebaki 22. Ni mji wa kutembea polepole. Unakaa, unainuka, unakaa tena kwenye uwanja unaofuata.

Juu ya mialoni kumening'inia nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Watu huziita kuvu la Uhispania, lakini si kuvu. Ni mmea wa familia moja na nanasi. Tulicheka sana tulipojua hilo, kwa sababu tulikuwa tumebishana nusu saa.

Tuligundua pia kwamba kustarehe huko si lazima kutoboe mfuko. Basi dogo la katikati ya mji ni la bure. Feri ya kuvuka mto ni ya bure pia. Tulipanda mara mbili, ile ya pili bila sababu yoyote. Forsyth Park, yenye chemchemi ya mwaka 1858, haina kiingilio. Tulinunua mkate na matunda dukani, tukala hapo kwenye nyasi.

Chakula cha kukaa mezani tulijiruhusu mara moja: kamba juu ya uji mzito wa mahindi meupe. Mume wangu alisema ni ugali uliokosa msimamo, kisha akamaliza sahani. Kwa vitafunio kuna biskuti nyembamba za simsim. Huko simsim inaitwa benne, jina lililovuka bahari na watu wa Afrika Magharibi.

Watu hao hawakuvuka kwa hiari. Katika kanisa la First African Baptist, lililojengwa na Waafrika waliokuwa watumwa na kukamilika mwaka 1859, sakafu ya chini ina matundu yaliyopangwa kwa umbo la almasi. Wageni huelezwa kuwa ni mchoro wa Wakongo kuhusu mzunguko wa maisha, na kwamba matundu yaliwapa hewa watoro waliofichwa chini yake. Mwaka huo huo wa 1859, nje kidogo ya mji, watu zaidi ya 400 waliuzwa kwa siku mbili katika uwanja wa mbio za farasi. Tulitoka pale kimya, tukashikana mikono mpaka mtoni.

Bili na ujumbe wa saa nane usiku

Bei iliyoandikwa kwenye menyu si ile utakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa mwishoni, halafu bakshishi. Hii ya pili usiichukulie kama hisani: sheria inaruhusu mhudumu wa mezani Georgia alipwe dola 2.13 kwa saa, kwa hesabu kwamba bakshishi itajazia. Watu wengi huacha asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo chakula cha dola 40 kipigie hesabu ya dola 50, ndipo uagize.

Usiku wa pili, saa nane, simu ikalia. Nairobi ilikuwa saa tatu asubuhi, watu wako kazini. Ujumbe ulisema tumepokea shilingi 6,500. Dakika moja baadaye mama mmoja akapiga, sauti ya kulia: ametuma kimakosa, ni karo ya mtoto, tumrudishie haraka. Tukiwa nusu usingizini, kidole kilikuwa tayari kwenye menyu ya kutuma.

"Angalia salio kwanza," mume wangu akanong'ona.

Salio halikuwa limesonga hata shilingi. Ujumbe wenyewe ulitoka kwa nambari ya kawaida ya mtu. Tulikata simu, tukalala.

Kabla hujafunga begi

• Beba kadi ya plastiki hata kama chumba umeshakilipia. Uliza hoteli mapema: amana ni kiasi gani, na wanakubali kadi ipi?

• Pesa ya amana hairudi siku hiyo hiyo. Inaweza kuchukua siku kadhaa. Usiihesabu kwenye bajeti ya safari.

• Washa huduma ya laini nje ya nchi ukiwa bado Kenya. Nambari ya kuthibitisha malipo huja kwa ujumbe mfupi, na Wi-Fi ya hoteli haitakuletea.

• Angalia ada ya kubadilisha fedha kabla ya kulipa. Ukiulizwa dukani ulipe kwa shilingi au dola, mara nyingi dola ndiyo nafuu.

• Mtu akidai ametuma pesa kimakosa, angalia salio, si ujumbe. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe irudishwe kupitia huduma kwa wateja. Usitume mwenyewe.

Wifi alirudishiwa amana yake yote. Sisi tulimrudishia deni la aibu kwa pakiti mbili za biskuti za simsim. Moja ilifika ikiwa imefunguliwa; safari ya basi ni ndefu.