Fahamu: Kwa nini Ukraine inadai dhamana, si ahadi

Mjadala wa namna ya kumaliza vita vya Urusi na Ukraine hukwama kwenye mambo mawili: ardhi na usalama.

Ni ahadi gani ilivunjwa?

Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Ukraine ilibaki na ghala la tatu kwa ukubwa duniani la silaha za nyuklia. Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine, nayo ikakubali kuziachia silaha hizo. Za mwisho zilipelekwa Urusi mwaka 1996. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea, rasi ya Ukraine. Tarehe 24 Februari 2022 ikaanzisha uvamizi kamili.

Kinachobishaniwa ni nini?

Wapo wanaosema Ukraine ikubali kupoteza ardhi ili damu ikome kumwagika, kwani Urusi inashikilia takriban moja ya tano ya nchi hiyo. Wanaopinga hujibu kwamba kumzawadia mvamizi ni kumwalika arudi. Tena, kifungu cha 73 cha katiba ya Ukraine kinataka mabadiliko ya mipaka yaamuliwe kwa kura ya maoni ya wananchi. Urusi nayo inashikilia kwamba Ukraine isijiunge na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi.

Kwa nini ni muhimu?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; ndiyo maana Ukraine inadai dhamana ya usalama, si ahadi tupu. Amani inahitajika haraka, lakini mkataba usio na wa kuulinda utawaachia watoto wa Ukraine vita vingine.