Kilwa Bila Kopo: Mwongozo wa Jiokeshingi kwa Wanaokwenda Likizo

Likizo ikikaribia, wazazi wengi huku ughaibuni huulizana: watoto wakishawaamkia mabibi na mababu, Kilwa na Lindi watafanya nini? Baadhi ya watoto hao wamezoea jiokeshingi katika bustani za kando ya maziwa. Mtu huficha kopo lenye kijitabu, hutangaza mahali lilipo kwa vipimo vya GPS, na wengine hulitafuta, hutia sahihi na kulirudisha palepale. Mchezo huu ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani kuacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Pwani yetu inaufaa sana, lakini kopo lina masharti.

Kanuni za mchezo

Mwenye eneo lazima atoe idhini. Kuchimba ili kufukia kopo bila idhini ya wazi ya mwenye eneo ni marufuku, na makopo mawili yaachane kwa mita 161 au zaidi. Chakula, pombe na baruti haviwekwi ndani. Kanuni inayowakwamisha wasafiri ni ya matunzo: aliyeficha kopo anatakiwa kulikagua na kulitengeneza. Aliyekuja likizo kisha akarudi London hawezi, isipokuwa awe na mwenyeji aliyekubali kazi hiyo.

Kanuni za ardhi

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi na mvua vilikuwa vikizila kuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila leseni na inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa hiyo ile desturi ya wachezaji kuchukua kitu na kuacha kingine ina hatari hapa: kigae cha Kichina au sarafu ya masultani wa Kilwa iliyookotwa mchangani haiwekwi koponi wala mfukoni. Kibali cha kuzuru huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua.

Kuna pia macho ya wenyeji. Mgeni anayepekua mawe huku ameshika kifaa atadhaniwa anatafuta mali inayosemekana kufukiwa na Wajerumani. Kopo lililofungwa kando ya kaburi au msikiti litasemwa ni uchawi. Nje ya magofu, kwenye ardhi ya kijiji, anza na ofisi ya serikali ya kijiji.

Fursa iliyopo

Tangu 2004 kuna aina iitwayo EarthCache, iliyoanzishwa na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Haina kopo. Mchezaji hufika mahali, hutazama ardhi na mawe, kisha hujibu maswali. Idhini ya msimamizi wa eneo bado inahitajika, lakini hakuna kinachoachwa wala kinachochukuliwa.

Kilwa imejaa maswali ya namna hiyo. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Tumbawe bichi kutoka baharini ni laini, likachongwa nakshi. Tumbawe la kale lililogeuka mwamba likawa ukuta. Mtoto atofautishe yote mawili kwa macho. Kwenye ngome ya kisiwani iitwayo Gereza aeleze bahari imekula wapi, na kwa nini mikoko hupandwa ufukweni.

Walioko Ujerumani wana nafasi ya pekee. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 ndiyo iliyounda kiunzi chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili, Berlin. Familia inaweza kukitazama kwanza, kisha kwenda kusoma miamba ya kilima cha Tendaguru chenyewe.

Anayetaka kopo hasa aliweke kwenye kiwanja cha familia au uwanja wa nyumba ya wageni Masoko, mwenyewe akiridhia. Akubaliane mapema na mjomba au binamu atakayelitunza. Magofuni achukue mtembeza wageni wa kisiwani: anajua pasipokanyagwa, na malipo yake yanabaki Kilwa.