Taa ya Upepo wa Tairi

Ukipanda gari dogo kutoka Nyamahanga kwenda Biharamulo, pengine utaona taa ya njano imewaka mbele ya dereva. Ina alama ya mshangao. Maana yake nini?

Magari mengi ya siku hizi yana kipimo kidogo ndani ya kila tairi. Kimefungwa kwenye rimu, penye valvu. Upepo ukipungua, kipimo kinapeleka habari kwa redio, na taa inawaka.

Taa ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Dereva asimame, apime kwa geji. Lakini kwa kawaida ikiwaka na kuzimika kama dakika moja, kisha ikabaki imewaka, ubovu uko kwenye kipimo. Betri yake hudumu miaka 5 hadi 10, nayo imezibwa humo humo. Basi hubadilishwa kipimo kizima, na gari hupangwa upya likitambue.

Mwenye gari, mwambie fundi wa pancha kabla hajatoa tairi. Chuma chake chaweza kukivunja. Kama pesa bado, pima kwa geji kila asubuhi, tairi likiwa baridi. Usiizibe taa kwa karatasi! Tairi lenye upepo kidogo hupata joto na kupasuka njiani.

Nasi abiria tuulize. Kuuliza si ujinga.