Kwa Baisikeli Mpaka Mlalo

Wasomaji wetu wengi ni watu wa miguu, na wengine siku hizi ni watu wa pikipiki. Walakini wako wachache waliobaki na baisikeli zao za chuma kizito, na hao ndio watakaotuelewa upesi. Mwezi wa Januari mwaka huu tulifunga safari, sisi na rafiki yetu mmoja, mwalimu aliyestaafu, tukatoka Lushoto kwenda Mlalo kwa baisikeli. Mwendo wake ni yapata kilometa 30. Mwenye pikipiki huumaliza kabla chai yake haijatulia tumboni. Sisi tulitumia siku nzima, wala hatukujuta.

Yafaa tueleze kwanza sababu ya safari. Rafiki yetu alifiwa na mkewe mwezi wa Aprili mwaka jana, na tangu siku za matanga hakutoka nje ya kijiji chake. Hakuwa mgonjwa. Alilima, alikula, aliitikia salamu. Lakini kila tulipomwendea tulimkuta ameketi akiutazama mlango, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Hata siku moja tukamkuta akiitia mafuta cheni ya baisikeli yake. Tukamwuliza, "Mwalimu, wataka kwenda wapi?" Akajibu, "Sitaki kwenda popote. Ni kutu tu." Tukamwambia, "Basi twende hapo popote pamoja." Akacheka kidogo, na hilo likatutosha.

Siku ya safari alikuja na furushi amelifunga kwenye keria kwa mpira. Hatukumwuliza lina nini.

Kutoka Lushoto njia yapanda mpaka Magamba, na mtu mzima haoni aibu kushuka na kusukuma. Ukungu ulikuwa haujaondoka katika misonobari. Kijana mmoja mwenye pikipiki iliyobeba magunia ya kabichi alitupita akapaza sauti, "Wazee, shikeni gunia niwavute!" Tukamshukuru, tukaendelea kusukuma. Karibu na msitu tukasimama kuwatazama mbega, manyoya yao meusi na meupe yakining'inia kama mavazi ya sikukuu. Mtu aendaye mbio hawaoni wale. Wao humwona yeye.

Tulipokwisha kupumzika tuliiacha njia kuu, tukashika vijia vya kando vipitavyo kati ya mashamba ya viazi, karoti na maharage. Hapo rafiki yetu, aliyefundisha historia miaka mingi, ndipo alipofungua kinywa. Alituonyesha mteremko mmoja akasema kwamba mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na watu wakaamriwa kulima kwa matuta. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli, hilo halikanwi. Lakini kazi ilikuwa nzito, mashamba madogo, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Watu wakachukia, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. "Mama yangu mzazi," akasema, "hata uzeeni hakupenda kulisikia neno tuta." Ikawa kama yuko darasani tena, nasi tukajifanya wanafunzi, tukimwuliza hata mambo tuliyokuwa tukiyajua.

Mara gurudumu letu la nyuma likalegea. Tukaukuta msumari. Mtoto mmoja akatuletea karai la maji, tukauzamisha mpira wa ndani mpaka povu likatuonyesha tundu, tukasugua, tukapaka gundi, tukabandika kiraka. Tukimngoja gundi akauke, rafiki yetu akamsimulia mtoto yule habari za Dunlop, daktari wa mifugo wa mji wa Belfast, ambaye mwaka 1888 alitengeneza mpira wa kujazwa upepo kwa ajili ya baisikeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Mtoto akauliza kama naye alikuwa akipata pancha. Hatukuwa na jibu.

Baada ya hapo njia ilinyoka, tukaenda sambamba polepole. Baisikeli ina jambo moja ambalo baraza haina: wawili huenda pamoja macho yao yakiwa njiani, hakuna amtazamaye mwenzake usoni. Yapata nusu saa rafiki yetu alinyamaza, kisha akasema, "Furushi hili ni kanga za marehemu. Ni sita. Desturi ya kwao ni kwamba ziende kwa mama yake, na yule mama ameniletea habari mara mbili. Nami kila mara nikamjibu kwamba nina kazi shambani." Tukangoja. "Yule mama na binti yake wana uso mmoja. Nitaukuta uso wenyewe, umezeeka, unanitazama." Hatukumjibu neno, kwa kuwa halikuwapo la kufaa. Tukakanyaga tu.

Hata tukafika ukingoni pa bonde la Mlalo. Chini yetu zilionekana nyumba zimebanana kilimani, nyingine za udongo zenye ghorofa, na upande wa pili ile misheni iliyoanzishwa mwaka 1891. Mteremko ule ni mkali. Rafiki yetu alisimama mara tatu, kila mara akisema kwamba rimu zimepata moto, afadhali zipoe. Tulipozigusa zilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Wasomaji watusamehe: tulimwambia kwamba ni kweli, zina moto sana.

Bibi yule tulimkuta uani akipepeta maharage. Rafiki yetu akaegemeza baisikeli ukutani, akainama kwa heshima ya mkwe, akasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba. Umekonda." Hakusema zaidi. Alilipokea furushi kwa mikono miwili, akalifungua juu ya mkeka, akazikunjua kanga moja moja akizipitisha mkono, akazikunja tena. Sisi tukatoka kwenda kutazama mpira wetu, ingawa haukuwa na kasoro.

Tulilala hapo. Asubuhi bibi akaleta mapeasi mengi ya mti wake, akachukua kanga moja katika zile sita, akayafunga ndani yake, akamkabidhi mkwewe. "Hii ni ya kufungia mapeasi tu," akasema, "usiniletee tena."

Kupanda kutoka Mlalo ni kusukuma kutoka chini mpaka juu. Rafiki yetu alisema njia nzima: jinsi mkewe alivyokuwa akipika, alivyomshinda katika mabishano, alivyoicheka baisikeli ile siku aliyoinunua. Palipokuwa na mawe mengi akatusimamisha, akafungua fundo la kanga, akayatazama mapeasi moja moja kama hayakupondeka, akalifunga tena, tukaendelea kusukuma.