Arubaini Mbali na Pwani

Binti yetu wa kwanza alizaliwa Eldoret, alfajiri ya siku ya mvua katika mwezi wa Julai, takriban kilomita 800 kutoka nyumbani kwa bibi yake Mombasa. Tulimwadhinia katika sikio la kulia, tukamhimidi Mola, kisha tukaketi kumtazama. Vidole vyake vilikuwa vyembamba mithili ya njiti, na kila alipopiga mwayo, sisi wawili tulinyamaza kana kwamba tumesomewa hutuba.

Wasomaji wengi wa Pwani hulijua jina la Eldoret kwa sababu ya wakimbiaji wake. Wachache huijua baridi yake. Mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai humfanya mtu aliyelelewa kwenye joto la Mombasa atafute blanketi la tatu. Tulikuja huku kwa ajili ya kazi. Jamaa wa damu hatukuwa nao hata mmoja, na jambo hilo hatukulihisi uzito wake mpaka tulipopata mtoto.

Twataka kusema kweli, kwa kuwa huenda yuko dada anayesoma hapa naye amenyamaza. Siku za mwanzo, furaha haikuja kama tulivyoitarajia. Simu za pongezi zilimiminika, na mama mtu akazijibu kwa shukrani huku machozi yakimtiririka. Alimpenda mwanawe, lakini usingizi ulikuwa umemtoka, maziwa yalichelewa, na kila kilio kilimwambia kwamba yeye hafai. Aliona aibu kuhuzunika mbele ya neema. Muuguzi mmoja ndiye aliyemtuliza. Alimweleza kwamba wazazi wengi hupatwa na majonzi katika siku za mwanzo, na kwamba mara nyingi hupita yenyewe. Lakini yakizidi majuma mawili, au mama akikosa kabisa hamu ya mtoto na ya maisha, basi ni maradhi yanayotibika, wala si upungufu wa imani.

Baba naye alikuwa na hofu yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba majuma mawili, yote kwa mshahara kamili. Majuma mawili ni siku kumi na nne, ilhali arubaini ina siku arubaini. Nani angemkalia mzazi siku zilizosalia?

Bibi, mzaa mama, alifika siku ya tano kwa basi, na kikapu chake kikinukia pilipili manga, iliki na udi. Tangu hapo nyumba ikawa na mwenyewe. Mzazi akapikiwa uji na supu, akakandwa kwa maji moto, akaamriwa kulala mtoto anapolala. Siku ya saba tukachinja mbuzi mmoja wa akika, mtoto akapewa jina na kunyolewa, na thamani ya fedha yenye uzito wa nywele zake ikatolewa sadaka. Kichwa kilichonyolewa katika baridi ya Julai kilitutia wasiwasi. Jirani yetu Mkalenjin, mama wa makamo, alikitazama, akacheka, na kesho yake akaleta kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Aliongeza kibuyu cha mursik kwa ajili ya mzazi. Bibi alipoyaona maziwa yale yenye rangi ya majivu alikunja uso. Baada ya siku tatu yeye ndiye aliyeuliza kibuyu kingine kitakuja lini.

Usiku mmoja tulikaribia msiba. Baada ya sala ya isha Bibi alimfukiza mzazi udi, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali, akaliacha jiko la makaa kando ya kitanda, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Alifanya hivyo kwa huruma. Haukupita muda mrefu, mama mtu akalalamika kuwa kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu. Tulidhani ni uchovu. Bahati yetu, jirani alibisha hodi kuleta maziwa. Alipoingia tu alilinyanyua jiko akalitoa nje kabla hata ya kutuamkia, akafungua dirisha, akatuamuru tutoke na mtoto.

Akatueleza lile ambalo watu wa nchi za baridi hulijua kwa uchungu: makaa yanayowaka chumbani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala huenda asiamke. Tulikwenda hospitali usiku ule ule. Mtoto na mama walichunguzwa, na alhamdulillahi, wote walikuwa salama. Tuliporudi, Bibi aliketi kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kwetu dirisha halifungwi."

Maneno hayo yametukaa moyoni. Bibi hakukosea katika mapenzi yake, wala mila haikuwa na ubaya. Desturi iliyokuzwa penye madirisha wazi na upepo wa bahari ilikuwa imehamia mahali pengine, na yatupasa sisi tulioihamisha tuitazame upya. Kuanzia siku ile udi ulifukizwa barazani, na joto la mtoto likatafutwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo alitufundisha yule muuguzi: mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walianza kuitumia mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa wadogo, na leo inapendekezwa duniani kote. Baba aliichukua zamu hiyo kila jioni. Hapo ndipo alipoyajua mambo ambayo hakuyasoma popote: harufu ya utosi, pumzi inayokimbia kisha ikatulia, kiganja kinachokamata kidole na kukataa kukiachia. Mama naye, akiwa ameshalala na kushiba, alianza kugundua kwamba binti yake humkazia macho anaponyonya. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka ziwani hadi kwenye uso wa mamake. Tulipoambiwa hivyo, tulisema Subhanallah.

Arubaini ilipotimia, mzazi alitoka. Siku mbili baadaye tulikuwa kliniki kwa chanjo za wiki ya sita. Tukiwa kwenye benchi, mama mtu alimwinamia binti yetu kumfunga kofia, na mtoto akatabasamu. Hakikuwa kile kitabasamu cha usingizini. Alimtazama mamake, akamjua, akamchekea. Mama alilia tena, safari hii kwa furaha. Muuguzi alituambia kwamba tabasamu la namna hiyo huanza kuonekana kwenye majuma kama sita. Bibi aliposikia, alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua zamani. Dakika chache baadaye sindano ilipita, na tabasamu likageuka yowe lililosikika hadi nje.

Enyi wenzetu mnaolea mbali na kwenu, msimwache mzazi peke yake. Kama bibi hawezi kuja, mtafuteni dada msikitini au jirani mlango wa pili, hata kama lugha na dini ni tofauti. Jiko lisilale chumbani. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na homa, akiwa baridi isiyoondoka, au akipumua kwa shida, msingoje asubuhi. Na mama anayelia asikilizwe kabla ya kuhubiriwa.

Bibi alirudi Mombasa na kibuyu kitupu cha mursik, zawadi ya jirani. Binti yetu sasa ana miezi minne, hucheka kwa sauti na kurusha mateke kama anajiandaa kwa mbio za Iten. Twamwomba Mwenyezi Mungu amkuze katika kheri, na awajaalie wazazi wote wachanga furaha hii, hata kama itachelewa kidogo kuwafikia. Amin.