Kabla ya Kununua Farasi-bahari

Kutoka Majengo, Dodoma, hadi pwani ya Dar es Salaam ni takribani kilomita 450 kwa barabara. Kwa hiyo, mnunuzi anayetaka kufuga farasi-bahari katika tangi la kioo anapaswa kuulizia chakula kabla ya bei.

Samaki huyu hana mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula. Hula mara nyingi kwa siku, na aliyevuliwa baharini aghalabu hukataa chakula kisicho hai. Mayai makavu ya uduvi wa jamii ya Artemia huanguliwa kwa takribani saa 24 katika maji ya chumvi yenye joto na hewa ya kutosha. Vitoto hivyo huwafaa samaki wachanga. Wakubwa huhitaji uduvi waliokuzwa kwa mwani. Anza kuwakuza wiki mbili hadi tatu kabla ya kumleta samaki, katika vyombo kadhaa vyenye uduvi wa umri tofauti.

Tunashauri umtake muuzaji amlishe samaki mbele yako na aandike aina ya chakula kwenye risiti. Samaki asipokula dukani, usilipe: akifa kwa njaa nyumbani, hasara ni yako.